Pakiti Tano za Mkwe

Mtu akiniuliza habari za Okiria, namwambia kwanza kwamba yule ni mtu wa kuhesabu. Si kuhesabu pesa, pesa hana. Anahesabu vitu ambavyo wewe na mimi tunaviona tu tukapita. Kwenye mazishi fulani kule Namboboto alihesabu viti, akahesabu sufuria, kisha akaniinamia sikioni: "Dada Selpher, wali utaishia safu ya tisa." Sisi tulikuwa safu ya kumi na moja. Uliishia safu ya tisa, haki ya Mungu. Nilimkasirikia kana kwamba ndiye aliyeula.

Mimi kwetu ni Sio Port, ziwani, lakini huu ni mwaka wa sita napakia unga hapa Busia, kwenye kiwanda cha Madam Apolot kando ya barabara ya kwenda Alupe. Unga wa muhogo na wimbi, pakiti ya kilo mbili. Tuko wanawake kumi na wawili, na Oundo fundi wa mashine, ambaye huongea na ile mashine kuliko anavyoongea na mkewe.

Okiria alitoka Malaba. Alikuwa karani kwenye yadi ya malori, kazi yake kuandika namba za gari na kwenda nyumbani. Lakini yeye akawa anaandika pia saa ambayo kila lori limeingia na saa limetoka. Nani alimtuma? Hakuna. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaweza kumwambia dereva, "Boss, njoo Jumatano kabla ya saa nne, utavuka siku hiyo hiyo." Madereva walimcheka, halafu wakaanza kumletea ndizi. Mzee mmoja ajenti wa forodha ndiye aliyemwambia, wewe kijana, akili hiyo unaiozesha hapa na vumbi, enda shule. Akaenda. Miaka thelathini na moja, watoto wawili, baiskeli moja, kila siku Alupe chuoni kusomea usimamizi wa biashara pamoja na watoto waliokuwa wakimwita mzee. Alikuwa akisoma mambo ya wastani na sampuli huku anakaanga samaki, mkewe Atyang amesimama mlangoni anacheka.

Madam alimwajiri kwa sababu wanunuzi walikuwa wanalalamika kwamba pakiti zetu hazifanani, moja nzito, nyingine nyepesi. Akasema sasa analeta mtu wa ubora, kila mtu ajipange.

Siku ya kwanza Okiria aliingia na kalamu mfukoni, shati limepigwa pasi. Akatusalimu vizuri. Akafika mwisho wa meza, akainua macho, na pale mwisho wa meza ameketi mwenzetu Mama Alaso na gundi yake ya kufungia pakiti.

Yawa! Ungedhani amekanyaga nyoka. Alirudi kinyumenyume, akaangusha kiti, akatoka nje. Mama Alaso naye alikuwa ameshajifunika uso kwa leso.

Ngoja nieleze, maana mgeni anaweza kudhani wana ugomvi. Mama Alaso ndiye aliyemlea Atyang, mke wa Okiria, tangu dada yake, mama mzazi wa Atyang, alipofariki. Kwa hiyo ni mama mkwe wa Okiria, na kwa Wateso mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, hawaangaliani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ni heshima, si chuki. Hata sisi Waluo tunayo, ila wao wanaishika sana. Ukimwona Okiria barabarani ameruka mtaro na kuzama kwenye mahindi ya watu, jua Mama Alaso anakuja.

Madam alikuwa karibu kuwafukuza wote wawili siku hiyo. "Hiki ni kiwanda ama ni boma la mahari?" Lakini yeye mwenyewe ni Mteso, anajua. Basi tukapanga. Okiria akawekewa meza na mizani nje verandani, dirisha likatundikwa pazia. Kila saa apelekewe pakiti tano kabla hazijabandikwa gundi, azipime, aandike, zirudi kwa Mama Alaso zifungwe. Wa kupeleka ni mimi. Wa kunipa ni Mama Alaso, kwa sababu yeye ndiye mwisho wa meza na pakiti zote zinapitia kwake.

Tulifurahi sana na mambo hayo. Tulikuwa tunamtania Mama Alaso, "Mama, mkwe ameamka na njaa leo, ameomba tano." Yeye anacheka chini kwa chini, anageuza pakiti moja, anageuza nyingine, anachagua zilizosimama vizuri. Na kabla ya kunipa anachota konzi moja ya unga kwenye beseni, anaongeza juu, anagonga pakiti kwa meza, pap, pap. Siku ya kwanza nilimuuliza, mama hiyo ya nini? Aliniangalia kama mtu aliyekosa malezi. "Selpher, kwenu mnampelekea mkwe kitu kimelegea?"

Hapana, kwetu hatupeleki. Nikazibeba nikapeleka. Na niseme ukweli, siku ambazo alisahau, niliongeza mimi.

Huko nje Okiria alipima. Alikuwa na karatasi kubwa ameibandika ukutani, mstari katikati wa kilo mbili, mstari mwingine juu na mwingine chini, na kila saa anaweka nukta. Nukta zake zote zilikaa juu. Wastani gramu elfu mbili na sitini. Akamwambia Madam: kila pakiti tunagawa gramu sitini bure, pakiti mia kwa saa, hebu piga hesabu kwa mwezi. Madam akapiga hesabu, akaketi chini. Oundo akaitwa na bisibisi yake, akapunguza mashine gramu hamsini.

Sisi ndani hatukuambiwa. Nani humwambia mpakiaji? Mama Alaso aliona tu kwamba pakiti siku hizi zimelegea kidogo, kwa hiyo zile za mkwe akawa anaziongezea konzi iliyojaa zaidi.

Wiki iliyofuata Okiria akapima, wastani elfu mbili hamsini na tano. Akakuna kichwa. Mashine imepunguzwa hamsini, namba imeshuka tano! Nilimkuta anaikodolea macho ile karatasi kama mtu anayengoja mtoto mkaidi aseme ukweli. Mwishowe akasema labda skrubu haikukaza. Oundo akaapa imekaza. Wakapunguza tena hamsini.

Mama Alaso akaanza kuongeza konzi mbili.

Ilichukua wiki tatu. Alhamisi asubuhi lori lilirudi kutoka Malaba na katoni arobaini za unga wetu, na barua. Mwenye duka amepima mbele ya wateja, pakiti za kilo mbili zina gramu elfu moja mia tisa. Wateja wamemwita mwizi dukani kwake. Madam alisoma ile barua akiwa amesimama uani, jua linampiga usoni, na sikuwahi kumwona hivyo. Aliikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Kiwanda hicho alikianza na kinu kimoja cha kukopeshwa na kanisa.

Akamwita Okiria, akaita kila mtu. Mama Alaso akaketi nyuma ya pazia.

"Karatasi yako inasema nini?" Madam akauliza.

"Wastani elfu mbili na hamsini, Madam."

"Na dukani?"

"Elfu moja mia tisa."

"Gramu mia na hamsini zimeenda wapi?"

Okiria aliigeukia karatasi yake ukutani. Lakini Madam si mjinga, na hesabu ile hata mimi ningeifanya. Pakiti inatoka mashineni, inapimwa ikiwa wazi, imejaa. Ikitoka hapo inafungwa, inaenda katoni. Kati ya mizani na katoni kuna mikono ya mtu mmoja tu. Na kila jioni Mama Alaso alikuwa anatoka na kifuko cha unga wa kufagia chini, ambao Madam mwenyewe alimruhusu achukue wa kuku.

"Mama Alaso," Madam akaliambia pazia, "kuku wako ni wangapi?"

Woiye. Ningependa kusema nilisimama. Sikusimama. Sisi wote tuliangalia sakafu, na nyuma ya pazia hakukutoka sauti, maana Mama Alaso hawezi kupaza sauti mkwe wake akiwa pale anasikia. Mtu anaitwa mwizi na heshima imemziba mdomo! Alikunja leso yake, akapita mlango wa nyuma. Madam akasema asikanyage tena hadi Jumatatu, na siku hiyo Okiria awe ameandika ripoti, na saini yake chini, ipelekwe polisi.

Mchana huo nilienda verandani nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Nilimwambia amesoma ili aje amfunge mama aliyemlisha mke wake. Hakunijibu vibaya. Alisema, "Dada, nimepima mara mbili. Nimepima hata kwa mizani ya kliniki. Ningefurahi sana nikosee." Macho yake yalikuwa mekundu. Atyang alikuwa ameshapata habari, hakumpikia wala hakumsemesha, alichukua watoto akaenda kukaa na Mama Alaso. Na mimi badala ya kumhurumia nikasema, vizuri.

Ijumaa kazi iliendelea, kiti cha Mama Alaso kitupu, mimi ndiye nikawekwa kwenye gundi. Saa ya kwanza Okiria akagonga dirisha, pakiti tano. Nilikuwa bado na hasira naye. Nilishika tano zilizokuwa karibu na mkono wangu, bila kuangalia, nikampelekea, nikazitupa mezani, tena moja ikamwaga kidogo.

Akapima. Akapima tena. Nikasikia kiti kinasukumwa.

"Selpher, lete nyingine tano."

Nikaleta, kwa hasira ile ile. Elfu moja mia nane tisini na nane. Elfu moja mia tisa na mbili. Elfu moja mia tisa. Nukta zote zikaanguka chini kabisa ya mstari wa chini, pale kwenye karatasi ambapo hapakuwahi kuwekwa kitu.

Madam alikuwa amekuja kuangalia. "Unaona?" akasema. "Wamezoea wote. Amewafundisha."

"Hapana, Madam," Okiria akasema polepole. "Mtu akiiba, akiondoka unga unaongezeka. Huyu ameondoka na unga umepungua. Tena umepungua hapa, kabla ya gundi."

Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Dada, zile tano za kila siku, nani alikuwa anazichagua?"

"Mama."

"Anachaguaje?"

Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuona. Nikamwambia. Anachagua zilizosimama. Anaongeza konzi. Mwanzo moja, siku hizi mbili. Nikamwambia na lile neno la mkwe na kitu kilicholegea. Nikamwambia hata mimi niliongeza.

Okiria aliweka kalamu chini. Aliniangalia, akaangalia karatasi yake yenye wiki tano za nukta, wiki tano ambazo hakuwahi kupima unga wa kiwanda hata siku moja, alikuwa anapima mapenzi ya mama mkwe wake. Alikuwa anapunguza mashine, mama anaongeza. Anapunguza, mama anaongeza. Kisha akaweka kichwa juu ya mizani na kulia, mtu mzima, mbele ya Madam na mbele yangu, na mizani inaendelea kusoma kilo za kichwa chake.

"Mimi ndiye niliyepunguza," akasema. "Yeye alikuwa ananipa tu."

Madam hakusema pole. Yeye si wa pole. Alimuuliza chuoni walimfundisha nini ikiwa hawakumfundisha kuchukua pakiti kwa mkono wake mwenyewe. Okiria akasema walimfundisha, siku ya kwanza kabisa, sampuli isichaguliwe na anayepimwa. Aliijua. Lakini kuichukua mwenyewe kungemfanya aingie kwenye kile chumba, akasimame bega kwa bega na Mama Alaso, na hilo halikumjia akilini kama kitu kinachowezekana. Madam akalitazama lile pazia. Nadhani hata yeye, aliyetundika pazia kwa mkono wake, aliona kwamba halikumjia yeye pia. Akasema, "Enda ukamrudishe. Soko la Malaba nitajua mimi."

Jumamosi tulienda naye, mimi nikiwa mdomo wake. Yeye alibaki nje ya ua, ameipa nyumba mgongo, kofia mkononi. Mimi nikaingia jikoni nikamkuta Mama Alaso na Atyang wanamenya muhogo. Kila neno alilosema Okiria kule nje nilimletea, ingawa lilisikika vizuri sana, ua wenyewe ni wa mabua. Kwamba amekosa. Kwamba hakuna unga ulioibiwa. Kwamba ile saini hajaiweka na hataiweka.

Atyang alikuwa analia. Mama Alaso aliendelea kumenya. Alipomaliza muhogo aliokuwa ameshika alisema, "Mwambie mkwe wangu sina neno naye. Alikuwa anafanya kazi yake. Lakini niliitwa mwizi mbele ya watu, na hapa nyumbani hakuna hao watu."

Nikatoka kumwambia. Alikuwa ameshasikia, anatikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla Oundo hajawasha mashine, Madam alituita tena sote. Mama Alaso akarudi kwenye kiti chake, uso ndani ya leso. Okiria akasimama mlangoni, ametugeuzia mgongo sisi wote kwa sababu ya mmoja wetu, akaiongelesha barabara. Malori yalikuwa yanapita, ikabidi apige kelele. Alisema Mama Alaso hakuchukua hata chembe. Alisema pakiti zilipungua kwa kalamu yake yeye, akataja tarehe mbili alizomwambia Oundo apunguze. Mtu wa bodaboda aliyekuwa anapita alisimama kusikiliza, akidhani ni mhubiri. Halafu Madam, Madam Apolot mwenyewe, akaenda hadi mwisho wa meza, akapiga goti moja sakafuni na sketi yake nzuri, akasema, "Mama, nisamehe habari ya kuku." Ala! Tulipiga vigelegele mpaka Oundo akatoka na spana kuangalia kuna nini.

Lakini bado mashine ilikuwa haijarekebishwa. Okiria alisema hataigusa kwa kubahatisha tena, anataka kwanza namba za kweli. Alikuwa amekata vikaratasi, ameviandika moja hadi mia, ameviweka kwenye mkebe. Anatoa kimoja bila kuangalia, na ile pakiti ya namba hiyo ndiyo apelekewe, ikiwa nzuri ikiwa mbaya, isiguswe. Mimi nikapeleka maneno hayo kwa Mama Alaso. Nikamwambia taratibu, nikamwambia ni yeye Okiria mwenyewe ameomba hivyo. Akasema amesikia.

Namba ya kwanza ilitoka saba. Tukahesabu pakiti zikija. Ya saba ilikuja imelala upande, yaani pakiti imechoka kabisa, karatasi imekunjamana juu kwa kukosa unga wa kuisimamisha. Mama Alaso aliivuta mbele yake. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye beseni, ukachota. Sote tulikuwa tunaangalia. Ukakaa hapo juu ya beseni, umefumba, unga unachuruzika katikati ya vidole, kisha akaufumbua, unga wote ukarudi.

Akanisukumia ile pakiti bila kuiangalia, akaanza kulia. Siku aliyoitwa mwizi hakulia. Alitoka na leso yake imekunjwa vizuri. Lakini siku hiyo alilia mabega yakitikisika, kwa sababu anampelekea mkwe wake pakiti iliyolegea, na watu wanaona.

Nilitoka nayo verandani. Okiria akaiweka kwenye mizani. Elfu moja mia nane tisini na tatu.

"Mama amesema nini?" akaniuliza.

"Hajasema kitu. Analia."

Alishika kalamu muda mrefu. Halafu akaandika ile namba kama ilivyo, akaweka nukta yake mahali pake chini ya mstari, akafuta macho kwa mkono wa shati. Akaingiza mkono kwenye mkebe na kuniambia nilete ya kumi na tisa.